Ndizi ya dola milioni sita na makontena ya Mikocheni

Tangu Novemba 2024, nikimwambia mtu kwamba Jumamosi nilikwenda kuangalia sanaa ya majaribio, huniuliza, "Zile za ndizi?"

Ndizi yenyewe wengi mnaikumbuka. Msanii wa Kiitaliano, Maurizio Cattelan, aliibandika ukutani kwa utepe mpana wa gundi, akaipa jina Comedian, ikaonyeshwa Miami mwaka 2019 kwa bei ya dola 120,000. Miaka mitano baadaye ikapigwa mnada New York kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi, tajiri wa sarafu za kidijitali aitwaye Justin Sun, aliimenya na kuila mbele ya waandishi wa habari huko Hong Kong. Wala hakupoteza kitu, maana alichonunua ni cheti pamoja na maelekezo ya kubandika ndizi nyingine pale ya kwanza inapooza. Vijiweni watu walicheka hadi machozi. Nami nilicheka.

Tatizo ni kilichofuata. Sasa mtu akisikia kuna nyumba ya sanaa mahali fulani, wasanii wenyewe ndio wanaoiendesha, ndani yake kuna vitu visivyoeleweka na mlangoni hakuna kiingilio, anaiunganisha na ile ndizi, kisha anatoa hukumu mbili zinazopingana: hawa wana pesa za ajabu, na hawa hawana kazi ya kufanya. Jirani yangu mmoja, mwenye duka la vipuri vya magari, aliniuliza kwa upole kabisa kama kwenye nyumba hizo panatakatishwa fedha. Siku ile nilikuwa na haraka, nikamjibu ovyo. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Kwanza maneno. Nyumba hizi hutajwa kwa sifa tatu zinazofuatana kama mabehewa: inaendeshwa na wasanii, haitafuti faida, ni ya sanaa ya majaribio. Zikitamkwa pamoja zinasikika kama kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwapo bila mwenziwe.

Tuanze na kuendeshwa na wasanii. Msanii anayeuza kupitia nyumba ya biashara yuko kama dereva wa daladala ya mtu: gari si lake, njia hapangi yeye, na jioni kuna hesabu ya tajiri. Katika nyumba za sanaa za biashara hesabu hiyo mara nyingi hukaribia nusu ya bei ya mchoro. Sasa fikiria madereva sita wamechanga, wamenunua basi lao. Hesabu hakuna tena. Njia wanapanga wao. Lakini tairi likipasuka ni lao, bima ni yao, na trafiki akiwasimamisha hakuna tajiri wa kumpigia simu. Nyumba inayoendeshwa na wasanii ndiyo hiyo: anayeamua nini kitundikwe, nani apewe funguo na umeme utalipwa vipi ni mtu ambaye mwenyewe ana rangi kwenye kucha. Huko Glasgow, Uskoti, kuna nyumba iitwayo Transmission, iliyoanzishwa mwaka 1983. Kamati yake ni wasanii wanaojitolea kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha wanawapisha wengine. Kung'ang'ania kiti hakuna. (Wenyeviti wa baadhi ya vyama vyetu wangeuona huo ni ukatili.)

Kutotafuta faida nako hakuna maana ya kutogusa pesa, na hapa ndipo jirani yangu aliponasa. Fikiria kamati ya harusi. Inakusanya mamilioni, ina mwenyekiti, ina mweka hazina mkali, inalipa ukumbi, mpishi, MC na mpiga picha. Hao wote wanalipwa na hakuna anayelalamika. Kisichoruhusiwa ni mwenyekiti kuondoka na salio. Kikibaki kitu, kinaliwa pamoja siku ya kuvunja kamati. Shirika lisilotafuta faida ni kamati isiyovunjwa: salio la mwaka huu linakuwa kianzio cha kazi ya mwakani, wala hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Linaweza kuuza mchoro, kukodisha ua wake kwa tamasha, kutoza ada ya darasa, kulipa mishahara. La kuuliza ni salio linakwenda wapi.

Majaribio ndilo neno gumu zaidi, kwa sababu kila anayeboronga anaweza kujificha nyuma yake. Maana yake ya kweli ni ndogo: msanii ameanza kazi bila kujua itaishaje. Mama lishe mwenye akili hajaribu viungo vipya saa saba mchana, foleni ikiwa imefika barabarani. Anajaribu usiku, nyumbani, kwenye sufuria ndogo, na watoto wakikunja uso anajua. Nyumba ya sanaa ya majaribio ni ile sufuria ndogo. Msanii anayeishi kwa kuwauzia watalii tembo na machweo hawezi kumpa mteja kitu ambacho hata yeye hajakielewa. Kodi ya nyumba haisubiri.

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye chumba cha aina hii, sitasema wapi, niliharibu kazi ya mtu. Sakafu ilikuwa na vumbi la mkaa. Nikadhani wafagiaji hawajapita, nikakatiza kuelekea kwenye michoro ya ukutani. Nilipofika katikati ya chumba ndipo nilipoona kuwa vumbi lile lilikuwa limepangwa kwa mistari, myembamba, sambamba, kama matuta ya shamba yanavyoonekana ukiwa mlimani, na nyuma yangu kandambili zangu zimeacha njia. Msanii alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo. Nikaanza kuomba radhi. Akaniuliza, "Unavaa namba ngapi?" Nikamwambia arobaini na mbili. Akaandika kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Mistari ilikuwa imebaki pembeni tu, na ukutani ameandika kwa mkaa namba za viatu, kutoka juu hadi chini, zikiwamo za watoto. Ilikuwa kazi nzuri? Mimi naona nusu yake ilikuwa nzuri, ile ya sakafuni, ukuta ulinichosha. Ila hakuna duka ambalo lingempa chumba kizima, siku kumi na nne, ili aone watu watakanyaga wapi.

Sasa zitenganishe zile sifa tatu. Ushirika wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, unaendeshwa na wachoraji wenyewe, lakini upo ili kuuza, na hakuna ubaya wowote. Makumbusho ya Taifa hayamgawii mtu faida, ila waendeshaji wake si wasanii. Na ndizi? Ni majaribio, tukubali, lakini ilipita kwenye maonyesho ya biashara na mnada wa biashara, kila hatua na kamisheni yake. Kuihukumu nyumba ya wasanii kwa sababu ya ndizi ya mnadani ni kama kumlaumu muuza karanga wa stendi kwa bei za uwanja wa ndege.

Hapo kwenye Tingatinga nisimame kidogo, kwa sababu kuna hoja huwa inarushwa: kwamba vitu hivi vya ajabu si utamaduni wetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na alifariki mwaka 1972. Hakutoka chuo cha sanaa. Alichukua vibao vya silingibodi na rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana, akachora wanyama kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa amechora hapa mjini. Kama hayo si majaribio, sijui tuyaite nini. Leo tunauita mtindo wake asili yetu, na kijana akija na nyaya na chupa za plastiki tunamwambia arudi kwenye sanaa ya mababu. Sanaa hiyo ya mababu ina umri mdogo kuliko wastaafu wengi wa mtaani kwangu.

Wazo la wasanii kufungua mlango wao wenyewe lina historia ndefu, na sehemu yake nyingine inachekesha. Paris, mwaka 1884, wachoraji waliochoshwa na majaji wa maonyesho rasmi walianzisha ya kwao, bila jaji na bila zawadi. New York, mwaka 1917, chama cha wasanii huru kilitangaza kwamba yeyote atakayelipa dola sita ataonyesha kazi yake. Marcel Duchamp, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama hicho, akapeleka choo cha kukojolea cha wanaume kilichosainiwa "R. Mutt". Wenzake wakakikataa, naye akajiuzulu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinawasuta wasanii wenyewe: waliokimbia majaji wakapewa funguo, na siku ya kwanza wakawa majaji. Mwaka 1970, mjini humohumo, wasanii wakaingia katika jengo la zamani la viwanda, namba 112 mtaa wa Greene, lililochakaa kiasi kwamba hakuna aliyejali likiharibiwa. Mmoja wao, Gordon Matta-Clark, alichimba shimo kwenye sakafu ya chumba cha chini akapanda mche wa cheri. Jaribu kumwomba ruhusa hiyo mwenye nyumba wa kawaida.

Kwetu historia ni fupi lakini imeshiba. Kibera, mwaka 2001, waandikaji wawili wa mabango ya maduka, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha Maasai Mbili. Mwaka 2004 vijana wa Mukuru, pembeni ya eneo la viwanda la Nairobi, wakaanzisha Wajukuu. Mwaka 2008 ikaja Nafasi Dar es Salaam, na mwaka huohuo, mjini Lubumbashi, Kongo, wasanii akiwamo mpiga picha Sammy Baloji wakaanza Picha, ambao ndio waandaaji wa maonyesho makubwa ya sanaa ya mji ule kila baada ya miaka miwili. Brush Tu ya Buruburu, Nairobi, ni ya 2013. Kuona ilianza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Taasisi hiyo ya Kuona ilipokuja kufungwa, wasanii waliokuwa na studio hawakuhama. Waliunda umoja wao kwa jina lilelile.

Angalia hayo majina. Nafasi, Kuona, Wajukuu, Picha: Kiswahili kitupu, hata huko Lubumbashi ambako karatasi za ofisini ni za Kifaransa. Wanaosema mambo haya ni ya wageni wasome kwanza vibao vya mlangoni.

Wajukuu wanastahili aya yao. Kila baada ya miaka mitano mji wa Kassel, Ujerumani, huandaa maonyesho yaitwayo documenta, yaliyoanza mwaka 1955 na ambayo wenye taaluma huyatazama kama wapenzi wa mpira wanavyolitazama Kombe la Dunia. Mwaka 2022 waandaaji walikuwa kundi la wasanii kutoka Jakarta, ruangrupa, na msingi wao ulikuwa neno moja la Kiindonesia, lumbung: ghala la mpunga la kijiji, ambamo mavuno ya ziada huwekwa kwa ajili ya wote. Badala ya kualika majina makubwa wakaalika makundi, Wajukuu wakiwamo. Vijana wa Mukuru wakajenga mlango wa ukumbi mmoja mkubwa kuwa handaki la mabati, lililochota kwenye vibanda vya mtaani kwao na kwenye manyatta ya Kimaasai. Mgeni wa Kassel hakuweza kuingia bila kupita Mukuru kwanza.

Ndani, mmoja wao, Ngugi Waweru, alikuwa na kazi iliyoundwa kwa visu vilivyochakaa, na jina lake ni methali ya Kikuyu isemayo kwamba kisu kikali humkata mwenyewe. Nilipoisikia nikasita. Sisi tunasema mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Kisu ni kilekile, wasemaji ni majirani, na methali zimegeuziana mgongo. Hapo kazi ilikuwa imeshanishika kabla sijasoma maelezo yoyote. Mwaka huohuo kundi lilipewa Tuzo ya Arnold Bode, inayoitwa kwa jina la mwanzilishi wa maonyesho yale.

Basi ukitaka kwenda, unakwendaje? Nichukue Nafasi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nami. Iko Mikocheni B, barabara ya Eyasi, eneo la viwanda vidogo, kwa hiyo usitafute jengo la vioo. Ndani ni ua wenye makontena ya meli yaliyogeuzwa studio, pamoja na ukumbi wa maonyesho. Mkali wa maneno atasema kwamba, kwa kuwa pana uongozi na watumishi wa kuajiriwa, hapaendeshwi na wasanii watupu. Ni kweli, na ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi zikishakua: mtu wa kuandika ripoti lazima apatikane, na mchongaji hodari si lazima awe mwandishi hodari wa ripoti.

Kwenye nyumba hizi karibu zote utakuta daftari la wageni. Andika jina. Wengi hulipita, kumbe lina kazi kubwa: mfadhili akiuliza ni watu wangapi walikuja, lile daftari ndilo shahidi. Hukulipa kiingilio, sahihi yako ndiyo mchango.

Mlango wa studio ukiwa wazi bado si ukumbi. Ni chumba cha mtu cha kazi. Piga hodi, subiri ukaribishwe. Usiguse kitu hadi uambiwe, kwa sababu huwezi kujua kipi kimekauka na kipi kimetupwa. Tazama chini (nazungumza kwa uzoefu). Ukitaka kupiga picha, omba, hasa kama kazi haijamalizika. Asubuhi na mapema huenda ukakuta paka na mlinzi tu; alasiri ni bora, na bora zaidi ni jioni ya ufunguzi wa maonyesho, ambapo wasanii wote wapo na wana hamu ya kuongea.

Na muulize nini? Watu hukimbilia "Hii ina maana gani?" Swali hilo humbana msanii kama mtihani, naye hukujibu kwa maneno makubwa ili nyote wawili muokoke. Muulize alianzia wapi. Muulize vifaa alivitoa wapi na vilimgharimu kiasi gani. Mtu aliyezunguka gereji kumi kutafuta mirija ya mpira atakusimulia safari nzima, na ndani ya safari ile utaikuta maana, au utagundua haipo. Una haki ya kutopenda. Mule ndani vitu vingi havijafanikiwa, na wenyewe wanajua. Ukienda mara nne ukapenda mara moja, hujapunjwa.

Kuhusu pesa, kuna jambo halipaswi kufunikwa. Nyumba nyingi za aina hii Afrika Mashariki zimetegemea sana misaada ya balozi na mashirika ya nje. Kwa hiyo anayesema "hayo mambo ya wazungu" amekosea kuhusu wasanii lakini hajakosea kuhusu baadhi ya hundi. Mfadhili huja na vipaumbele vyake: mwaka huu vijana, mwaka kesho mazingira, na msanii aliyekuwa akichora ndoto za bibi yake anajikuta anaandika ombi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mfadhili akiondoka, sufuria ndogo inazimika. Ndiyo maana utaona ua umekodishwa kwa tamasha la muziki, wanachama wanalipia studio, kuna warsha za ada. Hawajageuka wafanyabiashara. Wanapunguza idadi ya milango wanayopaswa kubisha. Kanada walichukua njia nyingine: wasanii walianza kujipanga kama chama mwaka 1968, wakadai msanii alipwe ada kila kazi yake inapoonyeshwa hadharani hata kama haikuuzwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 wakaipata. Kwetu wapo bado wasanii wanaolipa wao ili waonyeshe.

Limebaki lile la "hata mwanangu anaweza." Huenda anaweza. Kule Mukuru wanaliamini hilo kiasi kwamba Wajukuu wana darasa la watoto, na baadhi ya wachoraji wa leo walianza wakiwa wadogo mtaani palepale. Kuchora duara mara moja si shida. Shida ni kukaa na duara lile miezi minane, kulikosea, kulirudia, halafu kuwaita watu waje walitazame ukiwa umesimama pembeni.

Ukipenda kitu na una pesa, bei kwa kawaida haiandikwi ukutani. Ulizia ofisini au kwa msanii mwenyewe, na uulize pia ni asilimia ngapi inabaki kwa nyumba na ngapi inakwenda kwake. Si utovu wa adabu. Wanaoendesha kwa uwazi hufurahi kuulizwa. Kazi nyingine haziuzwi kabisa, kama ile ya mkaa, maana maonyesho yalipokwisha ilifagiliwa.

Jirani yangu wa vipuri nimemwalika Jumamosi ijayo. Amekubali, ila ameuliza mambo mawili: kama kuna chai, na kama itamlazimu kusema kitu. Nimemwambia chai inategemea siku, na kusema si lazima.